Mita za Volti za Bei Rahisi na Betri Zetu

(Hotuba iliyosomwa mbele ya wanachama wa tawi la karakana, na kuchapwa hapa kwa ombi la halmashauri.)



Halmashauri imeniomba niseme juu ya mita ndogo za namba, zile ambazo wengi wetu tumezifunga kwenye usukani wa baisikeli na pikipiki zetu za stima, na ambazo mafundi wa betri huzitumia kutuhukumu. Nasema kutuhukumu kwa sababu siku hizi neno la mita ndilo neno la mwisho. Mita ikisema betri imekufa, basi imekufa, na mfanya kazi atie mkono mfukoni. Hakuna anayeuliza, je, mita yenyewe ilipimwa na nani?

Katika kazi ya reli swali hilo si geni. Genge la njia hubeba chuma cha kupimia upana wa reli. Njia yetu ya zamani ina upana wa milimita 1,000, na ile mpya iliyofunguliwa mwaka 2017 kati ya Mombasa na Nairobi ina milimita 1,435. Chuma hicho kikipinda, au ncha yake ikilika, genge zima litafanya kazi kwa bidii kutwa na njia itakuwa mbaya, wala hapatakuwa na mvivu hata mmoja wa kulaumiwa. Ndiyo sababu chuma cha kupimia nacho hupimwa. Geji ya breki kadhalika: hufunguliwa, ikajaribiwa mbele ya geji nyingine iliyo ya kuaminika zaidi. Lakini jioni tunapanda pikipiki zetu kwenda nyumbani, na mita iliyo mbele ya macho yetu hatujui ilitoka wapi wala ilijaribiwa lini.

Mwenzetu mmoja wa mabehewa alinunua betri ya volti 48 pamoja na chaja yake katika duka moja la mjini. Miezi mitano baadaye betri ikaanza kukata stima akipanda mlima. Akaambiwa airudishe ikiwa imejaa, naye akafanya hivyo. Muuzaji akaweka testa yake, ikaandika 55.1.

"Mzee," akamwambia, "betri hii haifai kupita 54.6. Wewe umeichaji kwa chaja ya watu. Waranti imekwisha."

Mwenzetu akajibu, "Bwana, chaja ni ile ile uliyoniuzia wewe. Na mita yangu ya usukani inasema 53.7."

Muuzaji akacheka. Mita ya usukani ni ya pesa kidogo, na testa yake yeye ilikuwa kubwa, ya rangi ya manjano, yenye vifungo vingi. Hapo watu wengi wangeondoka na betri yao begani. Yule mwenzetu hakuondoka. Aliomba betri iwekwe pale pale dukani bila kuguswa, akaja kwenye ofisi ya tawi.

Kabla sijasema mambo yaliishaje, nieleze hizo namba zinatoka wapi, maana mtu asiyezijua hawezi kubishana na yeyote.

Betri ya lithiamu ni safu ya seli. Zile za aina ya nikeli, ambazo ndizo nyingi katika baisikeli, seli moja ikijaa huwa na volti 4.2, na haifai kushuka chini ya volti 3 hivi. Betri iitwayo ya volti 36 ina seli 10 zilizofuatana, kwa hivyo ikijaa ni 42.0. Ya volti 48 ina seli 13, ikijaa ni 54.6. Nyingine zina seli 14, zikijaa ni 58.8. Ya volti 72 yenye seli 20 hufika 84. Lakini iko aina ya pili, ya chuma na fosfeti, ambayo seli yake hujaa kwa volti 3.65. Hiyo ikiwa na seli 16 hujaa kwa 58.4. Basi jambo la kwanza ni kumwuliza muuzaji, hii ni ya aina gani na ina seli ngapi, na kumwomba aandike kwenye risiti. Asiyejua betri anayoiuza haya yote yatamshinda.

Sasa mita. Ndani ya mita ya namba mna rezista mbili zinazozigawanya volti za betri mpaka ziwe chache, na chipu inayozilinganisha hizo chache na volti yake ya ndani. Rezista zikiwa na kosa, au ile volti ya ndani ikiwa na kosa, namba kwenye kioo ina kosa. Watengenezaji wengi wa mita hizi huandika kwamba kosa halizidi asilimia 1, na tarakimu moja au mbili za mwisho juu yake. Mtu husikia asilimia 1 akadhani si kitu. Asilimia 1 ya 54.6 ni zaidi ya nusu ya volti. Kwa betri ya seli 13, kazi yote iko kati ya 39 na 54.6, yaani volti kama 15 tu, na hapo katikati betri hukaa karibu na volti zile zile kwa muda mrefu. Kwa betri ya chuma na fosfeti ni vibaya zaidi. Kutoka karibu kujaa mpaka ikabaki robo, betri nzima ya seli 16 huenda ikashuka volti 2 hivi tu. Nusu ya volti ni robo ya safari hiyo yote! Mwenye mita ya namna hiyo anayetoka zamu ya usiku akijiambia bado ana nusu ya betri, asije akashangaa akisukuma.

Tena msidanganywe na wingi wa tarakimu. Mita iandikayo 54.63 si lazima iwe ya kweli kuliko iandikayo 54.6. Tarakimu ya ziada ni maandishi tu kama haikupimwa. Wala rangi ya manjano si ushahidi.

Wengine hujaribu mita kwa mita. Huweka tatu pamoja, zikikubaliana wanasema hii ndiyo kweli. Ikiwa zote tatu zimetoka sanduku moja la kiwanda kimoja, makubaliano yao ni kama ya ndugu watatu wanaomtolea ndugu yao ushahidi. Wengine hutumia chaja, wanasema taa ikiwa kijani basi ni 54.6, na mita ifuate. Lakini chaja nayo ni kitu kilichotengenezwa, nayo ina kosa lake, na betri ikishatolewa kwenye chaja hushuka kidogo yenyewe. Ukipima betri, ipumzishe kwanza, kama saa moja, na mota isiwe inavuta. Betri yenye ukinzani wa omu 0.1 ikivutwa ampea 20 inashuka volti 2 papo hapo, na hapo mita haina kosa lolote, inasema kweli.

Basi tufanyeje? Inatakiwa volti ambayo kosa lake linajulikana. Maduka ya vifaa vya redio huuza kibao kidogo chenye chipu iitwayo AD584, kinachotoa volti 2.5, 5, 7.5 na 10. Ikiwa chipu ni halisi, hata ile ya daraja la chini kabisa, kosa lake katika volti 10 halizidi 0.03. Vingine huja na karatasi iliyoandikwa kwa kalamu namba zilizopimwa. Mimi karatasi hizo huziweka kando, maana sijui aliyezipima alipimia nini. Hata bila karatasi, kosa la 0.03 katika 10 ni asilimia 0.3, yaani chini ya theluthi ya lile tunalolitafuta.

Kibao hiki usikiweke moja kwa moja kwenye mita ya usukani ukadhani umemaliza. Mita ile kwenye volti 10 huandika 10.0 tu, na tarakimu yake ya mwisho ikiruka mara moja ni asilimia 1 nzima. Kwanza jaribu testa. Tafuta testa inayohesabu mpaka 6,000, kwa sababu katika daraja lake la volti 60 itaandika 10.00 na itaandika 54.30 bila kuhama daraja. Ile testa ndogo nyeusi ya bei ya chini kabisa huhesabu mpaka 2,000 tu, na kwa betri ya volti 48 hulazimika kwenda daraja la volti 200, ambako haioni chini ya sehemu ya kumi ya volti. Tena angalieni betri ya testa yenyewe. Ikichoka, testa nyingi za bei rahisi huanza kuongeza, zikasema betri yako ina volti nyingi kuliko ilizo nazo. Mtu anafurahi, kumbe ni testa inayokufa.

Sasa mtasema, umeijaribu kwa volti 10, wajuaje ni kweli kwa 50? Ni swali la haki, na jibu lake ni rahisi kuliko mnavyodhani. Chukueni betri 6 mpya za volti 9, zile za mraba za redio. Pimeni kila moja peke yake na kuandika. Juzi katika karakana tulipata 9.52, 9.49, 9.55, 9.50, 9.53 na 9.51. Jumla yake ni 57.10. Kisha ziunganisheni zifuatane, maana vichwa vyake vinaingiana vyenyewe, na kupima zote pamoja. Testa ikisema 57.1 au karibu nayo, mmejua kwamba ile iliyo kweli kwa 9 na 10 ni kweli kwa 57. Ikisema 57.9, mmejua vilevile. Mkitaka kujua katikati, toeni mbili mpime nne. Hakuna hesabu hapa ambayo mtoto wa darasa la sita haiwezi.

Testa ikishaaminika, ndipo inapohukumu mita ya usukani. Zote mbili ziguse mahali pamoja, kwenye plagi ya betri, kwa wakati mmoja, zisomwe pamoja. Usipime testa kwenye betri na mita mwishoni mwa waya mwembamba wa yadi mbili. Mita ya nyaya mbili hula umeme wake katika waya ule ule inaoupima, na waya mwembamba na kiungo kibaya humnyima volti kidogo. Fanyeni hivyo betri ikiwa imejaa, tena ikiwa karibu na mwisho. Na kama mnaweza, mara moja asubuhi na mara moja pikipiki ikiwa imesimama juani, kwani joto nalo hubadili namba.

Mita nyingi zina skrubu ndogo sana nyuma, ya kurekebishia. Zungusha kwa bisibisi ya saa, polepole, mpaka namba ilingane na testa. Ushauri wangu ni kuirekebisha betri ikiwa imeshuka, tuseme karibu 44 kwa betri ya seli 13, si ikiwa imejaa. Ikiwa imejaa hakuna uamuzi wa kufanya. Uamuzi ni pale chini, niendelee au nishuke. Ukimaliza tia tone la rangi ya kucha juu ya skrubu isitikisike njiani. Wake zetu wamenilalamikia kwa jambo hili, lakini hakuna gundi nzuri kuliko hiyo.

Neno juu ya mita za nyaya tatu. Waya mmoja ni wa kuilisha mita, mmoja ni wa ardhi, na wa tatu ndio wa kupima. Nyingi kati yake hupima mpaka volti 100, lakini waya wa kulisha hautaki zaidi ya 30. Ukiuunga kwenye betri ya 48, moshi. Na rangi za nyaya hazifanani kwa kila kiwanda, basi msomeni karatasi yake, msisome rangi.

Na hapa, Bwana Mwenyekiti, naomba watu wasinong'one. Testa ina tundu tatu. Waya mwekundu ukiwa katika tundu la ampea 10 nawe ukagusa betri, umeunganisha chanya na hasi kwa kipande cha chuma. Katika testa nyingi za bei rahisi tundu hilo halina hata fyuzi, na limeandikwa hivyo kwa Kiingereza kidogo kando yake. Betri ya lithiamu haisamehe. Kabla ya kila kupima, angalia tundu, angalia kisu kiko kwenye volti za betri, si ampea wala si stima ya nyumba. Zifungeni ncha za testa kwa tepu zibaki wazi kidogo tu, zisije zikagusana ndani ya plagi. Pete na saa ya chuma zivuliwe. Na mtu yeyote asifungue sanduku la betri kutafuta seli. Hiyo ni kazi ya mwenye vifaa, mbali na nyumba ya watoto.

Nisije nikawafanya muiabudu mita. Hata ikiwa kweli kabisa, inasema jumla tu. Betri ya seli 13 ikiandika 50.0, huenda kila seli ina 3.85, mambo ni mazuri. Huenda pia seli 12 zina 4.1 kila moja, ambazo ni 49.2, na ya kumi na tatu ina 0.8, imekufa. Jumla ni 50.0 vilevile. Mita haitambui tofauti. Wala haisemi betri itakubeba maili ngapi. Betri kuukuu hujaa mpaka 54.6 kama mpya, ikaisha nusu ya njia.

Na hivyo ndivyo ilivyokuwa kwa mwenzetu. Tulikwenda dukani watu watatu, na kibao chetu, na testa ya karakana iliyojaribiwa kwa njia niliyoeleza. Muuzaji hakuwa mkaidi, alikubali. Testa yake ya manjano iliwekwa kwenye volti 10 ikaandika 10.15. Akaibadilisha betri yake ya ndani, ikaandika 10.15 tena. Kosa la asilimia 1 na nusu. Kisha tukaipima betri ya mwenzetu kwa testa ya karakana, ikaandika 54.3. Kwa hivyo testa ya duka iliongeza, na mita ya usukani, iliyosema 53.7, ilipunguza, na hakuna kati ya hizo mbili iliyosema kweli. Lakini jambo lililotakiwa lilionekana: chaja haikuipitisha betri kiasi chake. Muuzaji akaipokea betri kwa waranti, akaifungua, akakuta seli moja dhaifu. Ile ndiyo iliyokuwa ikikata stima mlimani, wala hakuna mita ya nje ambayo ingeiona. Simwiti mwizi. Aliiamini testa yake kama mwenzetu alivyoiamini yake. Ila nauli ya matatu ya wiki tatu hakuna aliyeirudisha.

Mizani ya sokoni hukaguliwa na kupigwa muhuri kwa Sheria ya Vipimo na Mizani, Sura 513, ili mama asiuziwe maharagwe pungufu. Sijaona bado meza ya fundi wa betri yenye testa iliyo na karatasi ya kupimwa. Mpaka tuone, yafaa tuwe na ya kwetu. Naleta ombi hili mbele ya mkutano: tawi linunue testa moja ya kuhesabu 6,000 na vibao viwili vya AD584, vitunzwe na Katibu ndani ya kabati, na testa hiyo ipelekwe mara moja kwa mwaka kwenye maabara ya vipimo ya Shirika la Viwango la Kenya, KEBS, hapo Nairobi, irudi na karatasi. Karatasi hiyo ndiyo tutakayoiweka mezani siku ya ubishi, badala ya kupiga kelele. Gharama yake tukiigawanya kwa wanachama wote wenye pikipiki na baisikeli za stima haifiki bei ya chai na mandazi kwa kila mtu.

Halmashauri ikikubali, tutaanza Jumamosi ya kwanza baada ya mshahara, saa nane mchana, kwenye kibanda kilicho nyuma ya ghala. Kila mwanachama alete mita yake ikiwa na nyaya zake, na risiti ya betri kama anayo, ili tuandike aina na idadi ya seli katika daftari. Betri zenyewe ziachwe kwenye pikipiki, nje, kivulini, zimepumzika. Wenye mita za nyaya tatu waje mapema, maana hizo zinachukua muda. Na atakayekuja na rangi ya kucha atakuwa ametusaidia, kwa sababu chupa yangu imekwisha.